Kutwa Mara Tatu

Kuuliza si ujinga, wasema wahenga. Mama yangu aliuliza. Aliyejibu kijinga ni mimi.

Ilikuwa jioni, nami nimezama katika pendekezo la tasnifu yangu ya uzamili, aliponipigia simu kutoka Kitale. Magoti yalikuwa yamemsumbua tangu msimu wa palizi, akaenda duka la dawa akauziwa vidonge vya ibuprofeni. Juu ya pakiti muuzaji alikuwa ameandika kwa kalamu: 1x3.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu wa lugha. Hesabu hii yasemaje?"

"Meza kimoja mara tatu, Mama."

"Na karatasi hii ndefu iliyokunjwa humu ndani?"

"Hiyo ni ya madaktari," nikamjibu, macho yangu yakiwa kwenye tarakilishi.

Mama alitii. Kila alfajiri alimeza kimoja kabla ya kwenda shambani, tumboni mkiwa na chai ya mkandaa tu. Maumivu yalipokaidi, jirani mwema alimgawia vidonge vya diklofenaki, akawa anavimeza pamoja na vile vya kwanza. Wiki zikapita. Choo chake kikawa cheusi mithili ya lami, naye kwa kuona haya hakumwambia mtu. Siku alipozirai kisimani ndipo siri ilipofichuka. Hospitalini aligunduliwa kuwa na vidonda vya tumbo vilivyokuwa vikivuja damu. Aliongezwa painti mbili.

Daktari alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Mwilini mna kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo huchochea maumivu, homa na uvimbe. Lakini hizo hizo hulinda utando wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Ibuprofeni, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1969 kwa wagonjwa wa baridi yabisi, huzuia mwili kuzitengeneza. Waama, dawa haina macho: inapomfukuza mwizi, humfukuza na bawabu. Diklofenaki na aspirini ni ndugu zake wa toka nitoke. Kuzimeza pamoja si kuongeza nafuu, ni kuongeza madhara.

Niliporudi nyumbani niliikunjua karatasi ile niliyoidharau. Ilikuwa ya Kiingereza na Kifaransa. Yote ambayo yangemwepusha Mama na masaibu yale yalikuwamo. Nikaketi kuitafsiri. Niliandika kuwa mtu mzima anayejinunulia dawa hii humeza miligramu 200 hadi 400 kwa wakati mmoja, akisubiri saa 6 hadi 8 kabla ya kumeza tena, na asizidishe miligramu 1,200 kwa siku. Aanze na kipimo kidogo kinachomtosha, kwa siku chache iwezekanavyo. Maumivu yakipita siku 10, amwone daktari. Ameze baada ya chakula, pamoja na maji ya kutosha, ingawa chakula hupunguza tu kero ya tumbo, hakiondoi hatari. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, shinikizo la damu, pumu inayochochewa na aspirini, au mimba iliyofikia wiki 20, asiiguse kabla ya kumwuliza daktari. Wazee nao wajihadhari zaidi.

Nilimsomea Mama kwa fahari. Nilipofika kwenye sentensi, "Usitumie pamoja na dawa nyingine za jamii hii," akanikatiza.

"Jamii yake nitaijuaje, mwanangu? Dawa hazina ukoo usoni."

Nikanyamaza. Nadharia zote za tafsiri nilizosoma hazikuwa zimeniuliza swali hilo. Nikaifuta sentensi, nikaandika majina yenyewe: ibuprofeni, diklofenaki, aspirini. Chini yake nikaongeza: choo kikiwa cheusi, au ukitapika damu, acha dawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mpenzi msomaji, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nasi katika semina zetu hubishana hadi jioni kuhusu istilahi za isimu na fasihi. Sisemi tuache, hiyo ndiyo kazi yetu. Lakini karatasi ya dawa nayo ni matini, na msomaji wake akiikosea hapotezi alama, hupoteza damu. Mimi sikukosa msamiati siku ile. Nilikosa subira. Neno "kutwa" na maneno "baada ya chakula" nilikuwa nayo kinywani, nikayameza badala ya kumpa Mama.

Siku hizi Mama, kwa ushauri wa daktari, hutumia parasetamoli, ambayo si ya jamii ile. Karatasi yangu ameibandika ndani ya mlango wa kabati. Jirani akija na vidonge, humpeleka pale kwanza wasome pamoja.