Ujumbe wa Tapeli Katika Somo la Ufahamu

Kwa muda mrefu tuliamini kwamba atapeliwaye ni mjinga. Imani hiyo ilitutoka siku moja ya soko la Tengeru. Tulikuwa tumemwahidi fundi aliyekuwa akitujengea huko Usa River fedha za saruji, mara simu ikaleta ujumbe: "Ile hela itume kwenye namba hii." Tukatuma. Jioni fundi akapiga simu kuulizia fedha zake.

Jambo hili tulilificha kwa aibu, hata tulipong'amua kwamba aibu yetu ndiyo ngao ya tapeli. Basi tukaingia darasani, tukauandika ujumbe ule ubaoni, tukawataka wanachuo wausome kama kifungu cha ufahamu. Nani asema? Ataka kiasi gani? Kwa sababu gani? Hapakuwa na jibu hata moja. Mwanachuo mmoja, mwenyeji wa Ng'iresi, akasema: "Kazi yote yafanywa na neno 'ile'." Alisema kweli. Neno hilo huelekeza kwenye jambo linalojulikana tayari. Pengo hujazwa na msomaji mwenyewe kwa kumbukumbu zake. Tapeli hakumjua fundi wetu. Yeye huwapelekea watu wengi ujumbe uo huo, akijua kwamba miongoni mwao hakosi mwenye ahadi.

Tangu hapo twafundisha hila nyingine kwa njia iyo hiyo. Ajifanyaye mhudumu wa kampuni ya simu huuliza namba ya siri. Atangazaye ajira mtandaoni hutaka kwanza ada ya fomu. Aahidiye faida kubwa huwalipa waliotangulia kwa fedha za wanaofuata, kama ilivyokuwa katika upatu wa DECI, ambao viongozi wake walishtakiwa mwaka 2009. Chombo ni kipya, hila ni kongwe: zote humtaka msomaji atende kabla hajafikiri.

Kwa hiyo zoezi letu la mwisho ni la vitendo. Mwanachuo humpigia mhusika kwa namba anayoijua tangu zamani, kisha huipeleka namba ya tapeli kwenye 15040.

Fedha za saruji hazikurudi. Lakini mwanachuo yule alitueleza baadaye kwamba mama yake, alipopata ujumbe kama ule, alimpigia yeye kwanza. Yafaa, walimu wenzetu, somo hili lianze kwa kosa la mwalimu mwenyewe. Mwanafunzi aliyeona mwalimu wake akikiri hataona haya kuuliza.