Maji Kabla ya Lawama

Katika Kiswahili nilichokulia Dar es Salaam, afya na usafi ni maneno pacha. Kipindupindu kilipozuka jijini Agosti 2015, mitaani tuliuita ugonjwa wa uchafu. Aliyeugua alisema anaumwa tumbo tu, kwani kulitaja jina lenyewe kulikuwa sawa na kukiri kwamba nyumba yake haifagiwi.

Oktoba 2024, Sudan Kusini ilipotangaza mlipuko wa kipindupindu, nilikuwa hapa Hai Malakal, nikipita nyumba kwa nyumba kukusanya msamiati wa maradhi kwa ajili ya vipindi vyangu. Nilimuuliza jirani mmoja wa makamo: "Mama, ugonjwa huu huletwa na nini?"

"Moyo," akajibu.

Wanafunzi wangu, msikimbilie kamusi ya Kiswahili! Kwa Kiarabu cha Juba, moyo ni maji. Akanionyesha pipa lake uani. Maji hutekwa mto Nile, huletwa na lori la tangi, na lori likichelewa bei hupanda. Siku fedha zinapopungua, familia hutumia yaliyopo. Alinieleza haya mbele ya majirani, akataja pia nani nyumbani mwake ameharisha na kwa siku ngapi, bila kuinamisha macho.

Uwazi huo ulinishughulisha kuliko msamiati niliokwenda kuutafuta. Kipindupindu huukausha mwili hata kumuua mtu mzima kwa saa chache, ilhali wagonjwa wengi huokolewa kwa mchanganyiko wa maji safi, chumvi na sukari, wakiunywa mapema. Anayejificha kwa haya huzipoteza saa hizo hizo.

Sidai kwamba Juba haina aibu zake. Mama huyo huyo alipofika kwenye kifua kikuu alinong'ona. Wala siupuuzi usafi: kunawa mikono kwa sabuni ni kinga ya kweli, ila sabuni nayo huhitaji maji. Ninachokitilia shaka ni lugha yetu inayoanza na lawama, ikamwuliza mgonjwa amefanya nini kabla ya kuuliza amekunywa nini.

Nilipowapa wanafunzi wa sekondari zoezi la kutunga swali juu ya afya, nilitazamia maswali ya mikono na vyoo. Binti mmoja wa dawati la nyuma aliandika: "Maji ya lori hupimwa na nani?" Darasa zima likataka jibu, nasi tukaanza kuandika barua kwa ofisi ya mtaa.