Chembe Kisichopata

Siku moja darasani tuliandika ubaoni neno "chembe", tukawataka wanafunzi walitungie sentensi. Walitunga vizuri: chembe ya mchanga, chembe ya chumvi, chembe ya ukweli. Hakuna hata mmoja aliyetaja chembe cha mshale. Tukawaeleza kwamba neno hilo, likiwa katika ngeli ya ki-vi na wingi wake ukiwa vyembe, ni jina la kile chuma kikali kinachotiwa mbele ya mshale, na kwamba wengine hukiita kigumba. Mwanafunzi mmoja aliinua mkono, akauliza: "Mwalimu, kwani kilikuwa na kazi gani kubwa hata kikapewa jina lake peke yake?"

Swali hilo lilitunyamazisha. Jibu lake twalijua tangu mwaka 1996, walakini hatukupata kulisema mbele ya watu. Yafaa sasa tuliseme, maana sisi walimu tumezoea kufundisha jina la kitu na kuiacha nyuma kazi yake.

Namoto iko katika wilaya ya Palma, mkoa wa Cabo Delgado, upande wa kusini wa mto Ruvuma, ikielekeana na Kilambo iliyo upande wa Mtwara. Ni mahali pa kuvukia. Kiswahili hapo si mgeni: huishi pamoja na Kimwani, Kimakwe na Kimakonde, na mtu aweza kuianza salamu kwa lugha moja akaimalizia kwa nyingine. Mwaka huo wa 1996 ulikuwa wa nne tangu mkataba wa amani wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992. Tulikuwa na umri wa miaka 15, nasi tulikuja likizo kwa mjomba wetu, ndugu wa mama. Wanaozijua desturi za ukoo wa kikeni hawahitaji kuambiwa kwamba mjomba ndiye mwalimu wa kwanza wa mpwa wake. Yeye alikuwa mkulima na mvuvi, na mwindaji pale ilipolazimu. Bunduki hakuitaka hata kuiona. Alikuwa na upinde, na podo lililotiwa mishale.

Mishale yenyewe ilikuwa ya aina tatu, na somo lake la kwanza lilikuwa kuchagua. Wa kwanza ulikuwa mti mtupu, ncha yake butu imekaushwa motoni. Huo ulikuwa wa ndege kama kanga na kwale, ambao huangushwa kwa pigo. Wa pili ulikuwa na chembe chembamba chenye vijino vilivyoelekea nyuma. Huo, alisema, ni mshale wa sumu, naye aliurithi tu, hakuutumia. Mshale wa namna hiyo hauui kwa makali. Chuma hufungua njia tu, na vijino hukizuia kisichomoke, ili sumu ifanye kazi. Ndivyo walivyofanya Wakamba na Wata wa Kenya kwa sumu ya mti wa msungu, wakiizungushia ukanda mwembamba wa ngozi isikauke wala isimguse mchukuzi. Huko Zambezi watu walitumia mmea utambaao uitwao kombe. Daktari John Kirk, aliyefuatana na Livingstone katika safari ya miaka ya 1858 hadi 1863, aliitambua nguvu ya sumu hiyo juu ya moyo, na baadaye mmea huo ukatolewa dawa ya moyo huko Ulaya.

Mshale wa tatu ndio uliokuwa wa nyama. Chembe chake kilikuwa na umbo la jani, makali pande mbili na uti katikati, urefu wake kama mara tatu ya upana. Kikiwa kipana mno, alisema mjomba, hukwama njiani. Kikiwa chembamba mno, hupita bila kukata vya kutosha. Chuma chenyewe nacho huchaguliwa. Msumari hufulika upesi hata bila moto, ila makali yake hayadumu. Jembe kuukuu ni bora zaidi. Springi ya gari ndiyo feleji ya maskini: humtaabisha mfua chuma, hutaka moto na kuzimwa kwa uangalifu, lakini ikishakubali makali haiyaachi upesi.

Bibi yetu, mama yake mjomba, alikuwa amefariki, na siku ya arobaini ilikuwa karibu. Nyama ilihitajika kwa hitima, nayo haikuwako. Kulikuwa na mbawala aliyezoea kuja magharibi kula majani ya kunde shambani. Mjomba alitukabidhi chembe kimoja cha jembe, akatuambia tukinoe, naye angetuachia tupige sisi. Alitupa kinoo. Sisi tuliona kinoo ni kazi ya wazee. Tukatafuta tupa, tukakipitisha mara chache kwa nguvu, kisha tukakisugua kwa mchanga na majivu hata kikang'aa kama kioo. Mjomba aliporudi pwani jioni alikiona kinang'aa katika mwanga wa mwisho. Alituamini, hakukijaribu.

Mbawala alikuja. Tulikuwa kama hatua 20 kutoka kwake. Tulisema Bismillahi, tukaachia upote. Mshale ulimpata nyuma ya bega, mahali hasa tulipofundishwa, na furaha yetu ilikuwa kubwa kuliko adabu. Lakini mnyama hakuanguka. Alikimbilia kwenye matete ya mtoni, na tulipoinama kutafuta damu tuliona matone machache tu, kisha hatukuona kitu. Giza liliingia. Usiku kucha hatukulala, maana tulijua yuko mahali fulani karibu nasi, na mshale wetu mwilini, hafi wala haponi.

Asubuhi tulimkuta amelala ubavu, amekwisha kufa. Udongo uliomzunguka ulikuwa umevurugwa kwa kwato, na hiyo ndiyo iliyotufahamisha jinsi usiku wake ulivyokuwa mrefu. Mjomba alikichomoa chembe, akakifuta kwa jani. Ukingo wake ulikuwa umejikunja pale ulipogonga ubavu. Aliupitisha upande uliosalia juu ya ukucha wa kidole gumba. Ukateleza bila kushika. Akasema neno moja tu: "Hakikupata."

Mwalimu wa chuo aliitwa, akasikiliza habari yote. Alitukumbusha mafundisho ambayo Mtume alimpa Adi bin Hatim alipouliza habari za uwindaji: kilichouawa kwa kuchomwa na makali huliwa, na kilichouawa kwa pigo la ubapa ni sawa na kilichokufa kwa kipigo, hakiliwi. Na huyu, akasema, amelala usiku kucha mbali na macho yenu, na chuma chenu ni hiki ninachokiona. Penye shaka muacheni. Mbawala akaachwa. Arobaini ya bibi ilisomwa kwa wali, kunde na samaki mkavu. Hakuna aliyetukemea, na afadhali tungekemewa.

Siku ya pili mjomba alituketisha kivulini na kinoo, bakuli la maji na chembe kingine. Alituonyesha kwamba chembe hulazwa juu ya jiwe lililoloweshwa, kisha uti wake huinuliwa kidogo, kiasi cha punje ya mahindi iliyolala kuweza kupita chini yake. Tulipokuja kujifunza jiometria tuliona kwamba, kwa chembe cha upana ule, kipimo hicho hutoa pembe ya digrii 20 hadi 25, ambayo ndiyo inayosifiwa na wapiga mishale wa leo wenye vifaa vya kila namna. Pembe ikiwa ndogo mno, ukingo hujikunja ukigonga mfupa. Ikiwa kubwa mno, haukati.

Pembe hiyo haibadilishwi tangu mwanzo wa kazi hata mwisho, na hapo ndipo penye ugumu wote. Utanoa upande mmoja mpaka upande wa pili uhisi, kwa ncha ya kidole, uzi mwembamba wa chuma uliojikunja. Uzi huo ndio humdanganya mwanagenzi, kwa kuwa huparuza kidole kama makali ya kweli. Ndio uliotudanganya sisi. Basi utageuza na kunoa upande wa pili hali kadhalika, kisha utapunguza nguvu, ukigeuza kila mara, hata uzi uishe. Mwisho utakipitisha chembe juu ya ngozi kavu, ukikivuta kwa nyuma na si kwa mbele. Ukikiweka juu ya ukucha kishike; ukikipitisha juu ya mkono kinyoe malaika. Kisipofanya hivyo, rudi jiweni.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Risasi huvunja kwa kishindo. Mshale hauna kishindo, una makali tu. Mishipa ya damu ni laini, tena huvutika, na chuma butu huisukuma kando au kuichana, na palipochanika damu huganda upesi. Makali ya kweli huikata sawasawa, damu hutoka kwa wingi, na mnyama hulegea kabla hajafika mbali. Kwa hiyo muda anaoutumia mwindaji jiweni ni muda anaompunguzia mnyama wa kuteseka. Waislamu wamefundishwa kwamba anayechinja anoe kisu chake amstareheshe anayechinjwa. Mjomba aliona amri hiyo yauhusu mshale pia.

Wala jambo hili si la kwetu tu. Ishi, Mhindi Mwekundu wa mwisho wa kabila lake, aliyetokea Oroville, California, mwaka 1911, alichonga vyembe vyake kwa mawe yang'aayo na hata kwa vioo vya chupa, na kabla ya kufa mwaka 1916 alimfundisha daktari Saxton Pope kazi ya upinde. Chupa iliyovunjika, jembe kuukuu, springi ya gari: kila watu huchukua walicho nacho, lakini swali wanaloulizwa ni moja.

Hatusemi haya ili kumtuma mtu porini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Msumbiji, kwa sheria Na. 10 ya mwaka 1999, iliweka leseni maalumu kwa wanajamii wanaowinda kwa chakula chao. Kila nchi ina sheria zake na mtu hana budi kuziuliza kwanza. Tena mkoa wa Cabo Delgado uliingia vitani tarehe 5 Oktoba 2017, na Palma ilishambuliwa Machi 2021. Wengi waliokuwa wakiyajua maneno haya walitawanyika, na maneno yakatawanyika nao.

Juma lililofuata tulirudi darasani na chembe kile cha mwaka 1996, ambacho tumekihifadhi bila kukinoa tena. Tuliandika ubaoni methali "Kinolewacho hupata", tukaeleza kwamba kitenzi kupata, kikihusu kisu au shoka, maana yake ni kukata vizuri. Kisha tulimpa chembe mwanafunzi yule aliyeuliza. Alikigeuza, akautazama ukingo uliojikunja, akaupitisha taratibu juu ya ukucha wake kama tulivyoeleza.

"Mwalimu," akasema, "hakipati."

Tukamjibu kwamba amelijua neno.