Nyasi za Pundamilia, Nyasi za Ng'ombe

Kwenye misitu ya taifa ya Marekani kibao cha barabara kinakupa habari mbili kwa mpigo. Namba ikiandikwa kwa kulala, gari dogo lolote linapita. Tarakimu zikipangwa moja chini ya nyingine, ujue njia hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya gari la kwendea kazini. Inataka gari lililoinuka na dereva asiye na haraka. Mimi na mume wangu, Baba Neema, tunazitafuta hizo zilizosimama.

Tunaishi Duluth, mji wa bandari kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Superior, jimboni Minnesota. Sote tulifundishwa shuleni kwamba Ziwa Victoria ni la pili duniani kwa eneo kati ya maziwa ya maji baridi. La kwanza ndilo hili ninaloliona kila asubuhi nikienda zamu. Siku zetu za mapumziko zikigongana, jambo ambalo kwa watu wa kazi za hospitali halitokei mara nyingi, tunafunga chakula usiku na kuondoka alfajiri. Tunafuata barabara namba 61 kandokando ya ziwa mpaka Tofte, tunakata kushoto, tunapanda njia iitwayo Sawbill Trail kuingia Msitu wa Taifa wa Superior, uliotangazwa mwaka 1909. Lami inakwisha, changarawe inaanza, mtandao wa simu unakatika, na kuanzia hapo ni maji kila upande: ziwa dogo, kinamasi, kijito, daraja la mbao, ziwa jingine. Maji ya mito ile yana rangi ya chai ya rangi kwa sababu yanachuja majani na mizizi iliyooza kwenye vinamasi. Unayachota mkononi yanang'aa, hayana tope hata kidogo.

Kuna siku ambayo imenikaa kuliko zote. Tulikuwa kwenye njia ya namba iliyosimama, tukafika mahali ambapo biva, wale wanyama wanaokata miti kwa meno na kuziba vijito, walikuwa wameziba kalvati na barabara imegeuka bwawa. Baba Neema alivua viatu, akakunja suruali, akaingia na fimbo. Alitembea kwa kunyata akipapasa chini kwa unyayo kabla ya kuweka uzito, akirudisha fimbo kila hatua chache ili nione maji yamefika wapi. Katikati yalimpita magoti, na chini palikuwa laini. Akarudi akitikisa kichwa. Hatua thelathini nyuma yetu kulikuwa na njia nyingine, inaonekana wazi kabisa, ina alama za magurudumu, inazunguka bwawa kwa juu. Nikafungua ramani. Haimo. Tukala chakula chetu pale pale kando ya bwawa, chapati na maharage yaliyopoa, kisha tukageuza gari.

Ramani hiyo ndiyo kiini cha makala hii. Idara ya Misitu ya Marekani, kwa kanuni ya mwaka 2005, inautaka kila msitu wa taifa uchapishe ramani ya njia zinazoruhusiwa magari, aina ya gari inayoruhusiwa katika kila njia, na miezi ambayo njia iko wazi. Inatolewa bure. Haina uzuri wowote, ni mistari tu na majedwali, lakini ina nguvu ya sheria: njia isiyomo kwenye ramani imefungwa kwa magari, hata kama unaiona kwa macho yako, hata kama hakuna kibao wala mnyororo. Kujua ni jukumu la dereva. Majira ya kuchipua, barafu inapoyeyuka na ardhi kulowa kama udongo wetu wa mbuga wakati wa masika, njia nyingi za misitu hufungwa mpaka ardhi ikauke. Hakuna anayebishana. Na kaskazini ya hapo liko eneo la Boundary Waters, zaidi ya ekari milioni moja za maziwa na mito, ambako gari halikanyagi kabisa. Ukitaka kuendelea unashusha mtumbwi na kupiga kasia.

Gharama ni ndogo mno. Kupita kwenye barabara za msitu hulipi senti. Ukitaka kuvua samaki unakata leseni, na jimbo la Minnesota lina leseni maalumu ya mke na mume, rahisi kuliko kukata mbili. Nilipoisikia mara ya kwanza nilifurahi sana. Serikali imekaa ikawafikiria watu wawili waliooana wanaotaka kushinda mtoni pamoja.

Sasa nije nyumbani. Nimekulia Mto wa Mbu, mahali ambapo magari ya watalii yanapita mbele ya duka la mama yangu toka nikiwa mdogo. Yanayokwenda Manyara na Ngorongoro hufuata lami. Yanayokunja kwenda kaskazini, Selela, Engaruka, Engare Sero na Ziwa Natron, hurudi jioni hayajulikani rangi kwa vumbi. Sikuwahi kwenda huko. Watu wa kwetu hatuendi. Tunawauzia ndizi wanaokwenda. Kwa hiyo likizo yetu ya Desemba tuliazima Land Cruiser ya ndugu, tukasema tunakwenda Natron na kurudi siku hiyo hiyo, sisi wawili.

Mama alisimama na mwiko mkononi. "Wawili tu? Mkikwama nani atasukuma?"

Kule Minnesota swali hilo tumelijibu kwa vifaa: winchi, mbao za plastiki za kutia chini ya tairi, kifaa cha kuomba msaada kwa satelaiti, na karatasi kwa jirani yenye njia tutakazopita na saa ya kurudi. Kwa mama hayo si majibu. Jibu lilikuwa shemeji yangu, ambaye aliingia kiti cha nyuma na dumu la maji, sufuria ya pilau na sepetu. Safari ya wawili ikawa ya watatu, na nashukuru ilikuwa hivyo. Kila korongo tulilolikuta, shemeji alishuka, akamtafuta mtu, akasalimia, akauliza habari za mifugo na mvua kabla ya kuuliza habari za njia. Makorongo ya huko hujaa ghafla jua likiwaka, kwa sababu mvua imenyesha juu kwenye nyanda za Ngorongoro na wewe uko chini huna habari. Kijana mwenye mbuzi alituambia tusubiri. Tulisubiri kwa muda ambao mimi niliona ni wa bure, mchanga mkavu mbele yetu, mpaka maji ya udongo yakaja yakisukuma matawi. Ramani ya Idara ya Misitu isingetuambia hivyo. Hilo nalisema wazi ili asije mtu akadhani nimeandika kusifu ugenini.

Kilichoniuma ni nyasi.

Barabara ya huko imejaa vijituta vya mfululizo vinavyotingisha gari mpaka meno yanagongana. Dereva asiyetaka kutingishwa anahamia pembeni. Pembeni napo pakichakaa, anayefuata anahamia pembeni ya pembeni. Kuna mahali tambarare, kabla hujafika usawa wa mlima Ol Doinyo Lengai, ambapo njia zimetanuka zikawa uwanja mzima, nyingi sambamba, vumbi tupu, wala huioni iliyo barabara. Ule udongo una majivu ya volkano, mwepesi. Ukishavunjwa ganda la juu upepo unaondoka nao. Kule ziwani, kwenye tope la magadi, magari yanakwenda mpaka karibu na ukingo ili watu wapige picha za heroe, na mifereji ya matairi inabaki. Ziwa Natron ndipo mazalia makuu ya heroe wadogo katika Afrika Mashariki, na tangu 2001 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Na ardhi hiyo ina tabia ya kutunza alama: jirani na Engare Sero ziko nyayo za binadamu zaidi ya 400, zilizokanyagwa kwenye majivu yaliyolowa maelfu ya miaka iliyopita, na hata leo vidole unaviona.

Tukiwa tunarudi tulisimama kumpa maji mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mgunga. Shemeji akasema shikamoo baba, mimi nikafuatia, mzee akaitikia, akanywa taratibu. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea ng'ambo ya njia tuliyokuwa tumesimama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba majani ya upande ule yalikuwa marefu kuliko ya huku. "Kule ni olalili," akasema. "Tunafungia ndama na ng'ombe dhaifu, mpaka kiangazi kikali. Mtu wetu akiingiza mifugo kabla ya siku, anatozwa. Magari hayaulizi." Katikati ya majani yale marefu zilipita alama mbili za matairi, mpya, zinakata kona kwenda kuungana na barabara mbele.

Nimeifikiria sentensi yake ya mwisho toka siku ile. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti, dereva akiacha njia akaingia kwenye majani, anatozwa faini, na kila dereva wa utalii Arusha anajua. Dereva huyo huyo, na gari hilo hilo, akishatoka geti la hifadhi na kuingia ardhi ya kijiji, anaendesha popote. Nyasi za pundamilia zina ulinzi; nyasi za ng'ombe wa mzee yule, ambaye asipokuwa na majani mwezi wa Oktoba watoto wake hawana maziwa, hazina. Sioni namna ya kulitetea jambo hili. Na lisemwe pia kwamba tozo zipo: njiani tulilipa kwenye mageti zaidi ya moja. Geti moja tulipewa risiti ya mashine. Jingine tuliambiwa mashine haina chaji, tukapita bila risiti. Hakuna mahali hata pamoja tulipopewa karatasi au kuambiwa kwa mdomo njia ipi ni njia na wapi gari lisipite.

Wengine watasema ramani kama ile ya Minnesota ni mambo ya nchi tajiri. Mimi naona sehemu ngumu ya kazi wazee wameshaifanya. Olalili ni kufunga ardhi kwa majira, ina mipaka inayojulikana, ina adhabu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inakipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, namba 6 ya 2007, inakipa kijiji uwezo wa kupanga malisho yako wapi, makazi wapi, mashamba wapi. Kinachokosekana ni mstari wa barabara juu ya mpango huo, na nakala yake mkononi mwa dereva anapolipa getini.

Tena hapo sisi tunaweza kufanya vizuri kuliko Wamarekani. Maziwa yale ninayoyapenda kaskazini mwa Minnesota yalikuwa nchi ya Waojibwe, na kwa mkataba wa mwaka 1854 waliitoa ardhi kwa serikali ya Marekani wakibakiza haki ya kuwinda na kuvua humo, haki ambayo bado wanaitumia. Lakini mistari ya ramani ninayoifuata haikuanza kuchorwa na wao. Ilichorwa na idara. Kwetu mwenye ardhi yupo chini ya mgunga, na anaweza kuichora mwenyewe.

Kwa wenzangu mlioko nje mnaojiandaa kwa likizo ya Desemba: nendeni Natron, nendeni na wake zenu na waume zenu, msiwaachie wageni peke yao. Mchukueni shemeji. Punguzeni upepo wa matairi kidogo na mwendo pia, vijituta vitavumilika, na mjazie upepo mkifika lami. Dereva akitaka kuhamia pembeni, mwambieni abaki kwenye njia moja hata kama inatingisha. Daini risiti kwenye kila geti. Na kabla hamjateremka kwenda ziwani, piteni ofisi ya kijiji muulize olalili iko upande gani.