MAJI YALIPOZIDI MIZIZI

Tangu tukiwa shule ya msingi tumefundishwa kwamba maji ni uhai, nami sina nia ya kulipinga hilo. Lakini Waswahili husema pia kuwa maji yamezidi unga, na anayesema hivyo huwa haimbi sifa za maji. Leo nataka nikusimulie jinsi maji, yayo hayo tunayoyasifu, yalivyotaka kumnyang'anya baba yangu mshahara wake na kuninyang'anya mimi karo yangu.

Baba ni mtunza bustani. Kazi hiyo ameifanya tangu kabla sijazaliwa. Mwajiri wake ni mama mmoja aliyeishi Mombasa miaka mingi kabla ya kuhamia Limuru, kwenye ukungu na baridi ya mashamba ya chai. Alipohama alikuja na okidi zake 12, ambazo huzipenda kama mboni za macho yake.

Najua wapo watakaouliza, "Okidi ndiyo nini tena?" Okidi ni ukoo mkubwa wa mimea ya maua. Duniani kuna aina zaidi ya 25,000, na hapa kwetu Kenya zipo zaidi ya 200. Hata mvanila, unaotupa ile harufu tamu ya keki na aiskrimu, ni okidi. Zile za mwajiri wa Baba huitwa Phalaenopsis, na ua lake hufanana na nondo aliyekunjua mabawa.

Okidi za namna hiyo kwa asili humea juu ya miti. Usidhani kuwa huunyonya mti kama kupe amnyonyavyo ng'ombe. La hasha! Mti kwake ni kiti tu. Mizizi yake hushikilia gome na mingine huning'inia hewani. Mvua ikinyesha hulowa, upepo ukivuma hukauka. Nje ya mzizi kuna tabaka la seli zilizokufa, liitwalo velameni, ambalo hufyonza maji upesi kama sifongo. Mzizi mzima ukiwa mkavu huwa na rangi ya fedha. Ukilowa hugeuka kijani. Zikumbuke rangi hizo mbili, msomaji, maana zitatufaa huko mbele.

Kule Mombasa, okidi hizo zilikuwa zimefungwa kwa kamba kwenye shina la mwembe. Joto lilikuwepo na upepo wa bahari ulikuwepo. Kuzimwagilia kila siku asubuhi lilikuwa jambo la busara, kwani kabla ya adhuhuri mizizi ilikuwa imeshakauka. Huku Limuru zilitiwa ndani ya vyungu vya plastiki, zikashindiliwa kuvumwani, kisha zikapangwa sebuleni. Kila kitu kilibadilika isipokuwa ratiba. Mwenyewe aliiandika kwenye karatasi akaibandika ukutani jikoni: "OKIDI: KILA SIKU, KIKOMBE KIMOJA."

Kuvumwani ni ile mimea midogo, mororo kama zulia, inayoota juu ya mawe na magogo palipo na unyevu. Ile inayotumiwa kwa okidi huitwa sfagnamu, na nyingi iuzwayo hutoka New Zealand na Chile. Sifa yake kuu ni kushika maji. Ikilowa, huweza kubeba maji yenye uzito mara 15 au zaidi ya uzito wake ikiwa kavu. Ndiyo maana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, Waingereza waliitumia kufungia vidonda vya askari pamba ilipokuwa adimu. Basi piga hesabu mwenyewe: kitu cha kushika maji namna hiyo, katika chungu cha plastiki, ndani ya nyumba, mwezi wa Julai, huko Limuru. Kikombe cha Jumatatu kiliwakuta wenzake wa Ijumaa na Jumamosi hawajaondoka!

Baba alilisema jambo hilo mara mbili.

"Mama, naona haya maji ni mengi. Ndani bado kumelowa."

"Wewe fuata karatasi. Mimi nimetunza maua haya miaka mingi."

Mtu afanye nini hapo? Mwenye nguvu mpishe. Baba aliifuata karatasi.

Katikati ya Julai majani yalianza kukunjamana na kulegea, mengine yakawa manjano. Mwajiri alipoyaona alisema zina kiu, akaichukua kalamu, akafuta "kimoja" akaandika "viwili". Hapo ndipo maji yalipozidi unga kwelikweli. Okidi ya kwanza ilipoanguka majani, alimwita Baba akamwambia bila kupepesa macho, "Kila okidi itakayokufa, nitaikata kwenye mshahara wako."

Bei ya okidi moja ilikaribia ujira wa Baba wa wiki nzima. Na zilikuwa 12. Nilipofunga shule kwa likizo ya Agosti nilimkuta nyumbani amenyamaza, chai imepoa mbele yake. Mama yangu ndiye aliyenieleza. Nilikuwa na deni la karo, na muhula wa tatu haukuwa mbali.

Usiku huo Baba aliniuliza, "Wewe si husoma bayolojia? Hebu niambie, mmea uliosimama ndani ya maji unanyauka kwa nini?"

Nikamweleza tulivyofunzwa darasani. Mizizi nayo hupumua, na huhitaji oksijeni kama sisi. Maji yakijaza kila nafasi kati ya nyuzi za kuvumwani, hewa hukosa pa kukaa. Mzizi hukosa pumzi, hufa, kisha kuvu na bakteria huingia na kuuozesha. Mzizi uliooza hauwezi kufyonza chochote. Kwa hivyo majani hufa kwa kiu ilhali chungu kimejaa maji. Mtu akiona majani yamenyauka huongeza maji, na kumbe anazidi kuizamisha ile mizizi michache iliyobaki.

Baba alicheka kwa mara ya kwanza jioni hiyo. "Mimi hilo nalijua siku nyingi, ila silijui kwa majina hayo. Kesho twende wote."

Kesho yake alisimama mbele ya mwajiri wake, kofia mkononi. "Mama, naomba ruhusa nifungue chungu kimoja tu, wewe ukiona."

Alikibonyabonya chungu pande zote, akauchomoa mmea taratibu. Harufu iliyotoka ilikuwa ya kinamasi. Alichukua konzi moja ya kuvumwani akaikamua juu ya karai, maji yakatiririka kama nguo iliyotoka kufuliwa. "Haya si maji ya leo, Mama. Leo sijamwagilia." Kisha akashika mzizi mmoja wa kahawia, akauvuta kidogo kwa vidole viwili. Ngozi yote ilivuka ukabaki uzi mwembamba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Adui wa okidi alikuwa ndani ya chungu chake, wala si mikononi mwa mtunza bustani.

Mwajiri alitazama karai, akatutazama sisi, akasema, "Haya, fungueni zote."

Tulifanya kazi hiyo kutwa nzima, nami nakuandikia tulivyofanya ili nawe ukipata okidi ujue. Kwanza, kuvumwani kuukuu tuliitupa yote, kwani ikishaanza kuoza hushikamana na kuzuia hewa. Hata ikitumika vizuri, hufaa kubadilishwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Pili, tulikata mizizi yote laini na yenye uwazi ndani, tukaacha ile migumu, iwe nyeupe au kijani. Mkasi tuliupitisha kwenye moto kila tulipohamia mmea mwingine, ili ugonjwa usisafiri.

Tatu, kuvumwani mpya tuliiroweka katika maji safi hadi ikavimba, kisha tukaikamua kwa nguvu mpaka ikaacha kudondosha, tukaichambua ili nyuzi zake ziachane. Hapo Baba aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Usiishindilie. Izungushe kama unamvika mtoto shuka, si kama unafunga gunia." Ukiishindilia unatoa hewa, na hewa ndiyo tunayoitafuta.

Nne, vyungu. Watu wengi hudhani chungu kikubwa ni ukarimu. Kwa okidi ni msiba, kwa sababu kuvumwani isiyo na mizizi hukaa na maji yasiyo na wa kuyanywa. Tulichagua makopo madogo ya plastiki yanayopitisha mwanga, yenye nafasi ya kutosha mizizi tu, tukayatoboa chini na ubavuni kwa msumari uliotiwa moto. Chini tuliweka vigae vya vyungu vilivyovunjika ili maji yapate njia. Shina tuliliacha juu ya kuvumwani, lisifukiwe, kwani maji yakituama kitovuni mwa majani huozesha mmea kutoka juu.

Baada ya hapo tulifanya kazi iliyo ngumu kuliko zote: kutofanya kitu. Siku kadhaa hatukutia hata tone, ili vidonda vya mizizi vikauke. Tuliziweka pahali penye mwanga lakini pasipo na jua kali.

Je, mtu atajuaje siku ya kumwagilia ikiwa hakuna ratiba? Baba ana njia tatu. Hugusa kuvumwani juu. Ikiwa bado baridi na laini, huondoka zake. Hunyanyua kopo, likiwa zito, maji yamo, likiwa jepesi kama tupu, yamekwisha. Mwisho hutazama mizizi kupitia ubavu wa kopo. Ikiwa kijani husubiri, ikiwa na rangi ya fedha humwagilia. Humwagilia asubuhi ili majani yakauke kabla ya baridi ya usiku, na maji yakishachuruzika yote huyamwaga yaliyo kwenye kisahani. Wakati wa baridi huweza kupita siku 10 au zaidi bila kuzimwagilia. Kukiwa na joto huwa siku chache tu. Aliye Mombasa na aliye Limuru hawawezi kutumia kalenda moja.

Zilizokufa zilikuwa tatu. Tisa zilipona, ingawa pole pole mno. Majani yaliyokunjamana hayakunyooka upesi, na kuna wiki ambazo hata mimi nilikata tamaa. Likizo ya Desemba nilipoenda tena na Baba, alininyanyulia kopo moja bila kusema kitu. Ubavuni palikuwa na ncha ya mzizi mpya, kijani kibichi, unene wa kijiti cha kibiriti. Nakwambia msomaji, sijawahi kufurahia mzizi namna ile!

Na mshahara? Mwisho wa ule mwezi wa Agosti Baba alipewa wote, pamoja na wa okidi zile tatu. Pole hakuambiwa, wala hakuidai. Ila ile karatasi ya jikoni ilikuwa imebanduliwa, na siku hizi mwajiri wake humwuliza kwanza, "Leo zinataka maji?" Mara nyingi Baba hujibu, "Bado, Mama," na huo huwa ndio mwisho wa mazungumzo. Karo yangu ilifika siku mbili baada ya shule kufunguliwa.

Nimeyafikiri sana mambo haya. Mama yule hakuwa adui wa maua yake. Aliyapenda, na ratiba yake iliwahi kuwa kweli, mahali pengine, wakati mwingine. Kosa lilikuwa kuiamini karatasi kuliko mkono uliogusa chungu. Jani la okidi lina lugha maskini: likiwa na kiu hunyauka, na likizama hunyauka. Jani pekee halitoshi kukupa habari. Mwenye macho haambiwi tazama, ni kweli, lakini yaliyo chini ya kuvumwani macho hayayafikii.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukiona mmea wowote umeinamisha kichwa, uwe okidi ya tajiri au sukumawiki ya nyuma ya jiko, usikimbilie jagi. Ingiza kidole kwanza.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3.