Mwongozo Uliomo Ndani

Sisi ni watatu. Mmoja anaishi Louisville, mmoja Columbus, mmoja Buffalo. Tulikulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kisha tukaletwa Marekani kwa ndege tofauti na kutawanywa. Kinachotukutanisha ni simu ya kila Jumapili na, kwa miaka kadhaa sasa, Python, lugha ya kuandikia programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991.

Tulijifunza kwa kunakili. Tukikwama tulitafuta mtandaoni jibu la mtu mwingine, tukalibandika, likafanya kazi, tukashukuru bila kuelewa.

Desemba 2022 tulifiwa huko nyumbani. Tukajitolea kutengeneza programu ndogo ya kutunza majina ya wachangaji. Dada yetu wa Columbus ndiye aliyepiga simu nyumba kwa nyumba, akiandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Majina yakafika 46. Tukaona tuyapange kwa alfabeti, tukaandika mstari mmoja:

majina = majina.sort()

Tukahifadhi. Tulipofungua faili, majina yote yalikuwa yametoweka. Limebaki neno moja tu: None, yaani hakuna kitu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, na ndilo lililopotea. Fedha za msiba si mchezo. Tulianza kuulizana kwa sauti zisizo zetu: nani aligusa nini? Dada akakata simu.

Siku mbili baadaye dhoruba ya theluji ikaipiga Buffalo, ile iliyoua watu zaidi ya 40 katika eneo la Erie County. Mwenzetu wa huko alifungiwa ndani, umeme umekatika, intaneti hakuna. Kompyuta ilikuwa na chaji kidogo. Hakuwa na wa kumnakili, basi akafungua Python na kuandika help(list.sort).

Yakatokea maelezo machache ya Kiingereza kikavu. Alichoelewa ni hiki: amri hiyo huipanga orodha ileile, palepale ilipo, kisha hurudisha None.

Ni kama kumtuma kijana apange viatu mlangoni. Anavipanga vizuri, halafu anarudi kwako mikono mitupu. Sisi tuliichukua ile mikono mitupu, tukaipa jina la "majina", tukaihifadhi juu ya orodha ya kweli. Kumbe ipo amri nyingine, sorted, ambayo hukuletea orodha mpya iliyopangwa na kuiacha ya zamani kama ilivyo.

Akatupigia kwa chaji iliyobaki. "Dada, samahani. Hukukosea wewe. Tulikosea sote."

Dada alikaa kimya, kisha akasema, "Haya, tuanze kupiga simu upya." Tukagawana, tukapiga zote 46, na aibu yetu mkononi.

Mwongozo wa kukaa ndani ya kompyuta si jambo jipya. Kitabu cha kwanza cha mwongozo wa Unix kina tarehe ya 3 Novemba 1971, na hadi leo amri ya man huufungua mwongozo wa aina hiyo. Katika Python, dir hukuonyesha vilivyomo na help hukueleza kazi ya kila kimoja. Ukimaliza kusoma, bonyeza q. Majibu yake ni ya toleo lilelile ulilo nalo, si la mtu wa mbali wa miaka kumi iliyopita.

Hatusemi unatosha peke yake. Mwongozo hukwambia amri inafanya nini. Haukwambii lini uitumie. Anayeanza bado anahitaji mwalimu na mwenzake. Lakini kabla ya kunakili, uliza mambo mawili: amri hii inapokea nini, na inarudisha nini? Sisi tulioona haya kuuliza darasani kwa ajili ya lafudhi zetu, hapa tuliuliza swali moja mara kumi na hakuna aliyegeuka kututazama.

Programu tuliiandika upya. Python inaruhusu kuweka maelezo yako ndani ya amri uliyoitunga mwenyewe, kati ya alama tatu za nukuu kila upande. Jumapili moja dada akaandika help(panga_majina), akatusomea kwenye simu yaliyotokea:

"Hupanga majina kwa alfabeti. Hurudisha orodha mpya. Ya zamani haiguswi."