Kuongeza Kumbukumbu ya Kompyuta kwa Vitendo

Kompyuta mpakato pekee ya darasa langu hapa Mtwara ilikuwa imekwisha hesabiwa kuwa chakavu. Kumbe kasoro yake ilikuwa ufinyu wa kumbukumbu. Niliwaeleza wanachuo kwamba diski ni kabati, kumbukumbu ni meza ya kufanyia kazi. Wakaizima, wakatoa betri, wakagusa chuma ili umeme tuli uwatoke. Kipande cha DDR4, aina iliyoingia sokoni mwaka 2014, kilikataa kuingia penye nafasi ya DDR3, kwa kuwa pengo lake halikulingana. Sikuhitaji kuongeza neno. Wakasugua kwa kifutio meno ya kipande cha zamani yaliyofifishwa na hewa ya chumvi, wakapachika cha gigabaiti 4 kando yake. Ndugu walimu, chombo kikongwe hufundisha, mradi mwanafunzi aruhusiwe kukifungua.